Watoto wa Nyumbani Hawalipwi Kibarua

Shadow, mtu wangu wa kukodi kwenye gemu la kompyuta, alikuwa anakula hela yangu hata akiwa amelala. Hilo sikuligundua mimi. Aliligundua mama mdogo, kalamu imechomekwa kwenye kilemba, aliposimama nyuma ya kiti changu na kuuliza, "Na huyo aliyelala hapo, leo naye umemwandikia siku?"

Ilikuwa Machi 2006, Dodoma, ndani ya stashonari yake jirani na stendi ya Jamatini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kujua kama kuna shule itakayonichukua. Mama mdogo alinipa kazi ya kutoa fotokopi, kuchapa barua za watu na kufuta vumbi, na anayeijua Dodoma anajua kwamba hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa kazi hasa. Kompyuta zilikuwa tatu. Mbili za intaneti, za wateja. Ya tatu, yenye kioo cha chogo na kibodi iliyofutika herufi A, ilikuwa ya kuchapia, na asipokuwepo mteja ilikuwa yangu.

Gemu lilikuja kwenye CD iliyoandikwa kwa maka peni, ikasahauliwa na mteja ambaye hakurudi kuidai. Jagged Alliance 2, la mwaka 1999, kazi ya Sir-Tech ya Kanada. Kwa mashine ile ya kizee lilikuwa saizi yake kabisa. Ndani yake kuna nchi ya kubuni iitwayo Arulco, iliyonyakuliwa na Malkia Deidranna. Mume wake aliyepinduliwa, Enrico Chivaldori, anakukabidhi fungu la dola ukaikomboe. Jeshi huna. Unapewa kompyuta ya mkononi, na humo mna tovuti ya wakala aitwaye AIM, mwenye watu wa kukodi: picha, sifa, bei.

Kwa Kiingereza waliitwa "mercenary". Neno hilo nililifungua kwenye kamusi, nikakutana na "mamluki", nikacheka peke yangu. Shuleni kwetu mamluki alikuwa yule jamaa mwenye ndevu anayeletwa kutoka mtaani siku ya mechi na shule jirani, anavalishwa jezi, anakaririshwa jina la mkuu wa shule endapo refa atauliza. Na mamluki wetu alikuwa akilipwa soda na chipsi. Hawa wa AIM walitaka dola, tena wengine dola za maana.

Nikamchukua Shadow kwa sababu alikuwa mtaalamu wa kujificha porini na maelezo yake yalinitisha. Nikaongeza wawili wa bei ya chini, wote kwa mkataba wa siku moja moja. Helikopta ikatushusha Omerta, kaskazini mwa nchi, na ndani ya dakika kumi nilikuwa nimewafukia wote watatu.

Lazima nieleze kidogo. Kabla adui hajaonekana, watu wako wanatembea kawaida. Akionekana tu, kila kitu kinasimama na mnaanza kupeana zamu. Kila mtu ana pointi za zamu yake: hatua moja inakula pointi, kuinama kunakula, kulenga kunakula, kufyatua kunakula. Mimi niliona pointi zikibaki ni hasara. Nilimkimbiza Shadow hadi ikabaki sifuri, akasimama wima katikati ya uwanja kama nguzo ya simu. Kumbe pointi zinabakizwa. Ukibaki nazo, na adui akajitokeza mbele ya macho yako katika zamu yake yeye, mtu wako anaweza kumkatiza na kumpiga palepale. Askari wa malkia walilijua hilo. Mimi nilikuwa nawapelekea watu mlangoni.

Mara ya pili nilijifunza kuinama na kulala chini, nikashinda mapigano ya kwanza, nikashangilia, na wakati nashangilia mmoja wangu alikuwa anavuja damu nyuma ya kibanda. Jeraha lisipofungwa linaendelea kuvuja zamu baada ya zamu. Akafa mapigano yakiwa yamekwisha. Nikapiga simu kwa AIM kutafuta mwingine, na jamaa akanijibu kwamba amesikia habari za watu wanaokufa mikononi mwangu, hivyo ahsante, hapana. Sijawahi kukataliwa kazi na mtu wa kwenye kompyuta kabla ya hapo. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Na juu ya yote hayo, mgao. Mwaka ule bwawa la Mtera, kule mpakani kwetu na Iringa, lilikuwa limeshuka vibaya kwa ukame, na nchi nzima ilikuwa ikipewa umeme kwa vipande. Nilikuwa nimechagua pia, bila kuelewa nasoma nini, ule mtindo wa kibabe unaokataza kusevu katikati ya mapigano. UPS ya mama mdogo, ile betri ya akiba ya kompyuta, ilikuwa na uwezo wa kulia dakika tatu kisha kunyamaza. Jenereta ilikuwepo, lakini ilikuwa ya fotokopi, na petroli yake ilikuwa imeandikwa kwenye daftari hadi robo lita. Kwa hiyo nilicheza mbio mbio, nikikimbizana na saa, na gemu lile halipendi mtu wa mbio.

Jioni ile mama mdogo alipouliza kuhusu Shadow, yeye mwenyewe alikuwa kwenye hesabu za vibarua. Alikuwa na ekari moja ya zabibu Mpunguzi, barabara ya Iringa, na msimu wa kuvuna ulikuwa umeingia. Alivuta kiti cha wateja akakaa.

"Unamlipa kwa siku?"

"Kwa siku, mama. Kuna na ya wiki, na ya wiki mbili."

"Ya wiki inakuwa nafuu?"

Nikamfungulia ukurasa. Kwa hesabu ya kila siku ilikuwa nafuu, na wala haikuwa siri.

"Sasa mbona umechukua ya siku?"

"Niliogopa atakufa mapema, hela ipotee."

Akaniangalia kwa muda. "Kwa hiyo umemwajiri huku umeshampangia kufa."

Sikuwa na jibu. Akauliza hela ya huko inatoka wapi, nikamwambia kwenye migodi, na mgodi wa karibu uko mji unaoitwa Drassen. Akauliza mimi niko wapi. Nikasema Omerta. Siku ngapi? Nne. Nafanya nini? Nauguza.

"Hao wenye bunduki sijui mambo yao," alisema. "Ila wewe umeita fundi kabla hujanunua saruji. Anakaa kivulini anakunywa maji yako, jioni anataka hela. Kwani huko hamna watu wa nyumbani?"

Nikataka kumwambia hakuna, halafu nikakumbuka. Kuna barua pepe inakuja mwanzoni kabisa, ya ofisi inayoitwa IMP: unalipa dola 3,000 mara moja tu, unajaza maswali, unatengenezewa mtu wako mwenyewe. Huyo hadai mshahara mpaka mwisho wa gemu. Nilikuwa nimeiruka kwa sababu maswali yalikuwa mengi na Kiingereza chake kilikuwa cha kejeli, kile ambacho kamusi haikusaidii.

"Halipwi kabisa?"

"Kabisa."

"Watoto wa nyumbani hawalipwi kibarua," alisema, akachomoa kalamu kilembani na kurudi kwenye daftari lake. "Anza na hao. Halafu wenyeji. Mgeni wa bei mbaya mwite siku zabibu zimeiva."

Nimesoma ushauri mwingi kuhusu gemu hili tangu siku ile. Wengi huanza na bunduki: ipi inafika mbali, ipi inatoboa. Sijaona aliyeanza pale alipoanzia mama mdogo.

Kesho yake tukaanza upya, na nasema tukaanza kwa sababu maswali ya IMP aliyajibu yeye. Mimi nilitafsiri nilivyoweza, yeye akajibu huku anahesabu noti. Mengine aliyaona ya kipuuzi na akasema hivyo. Nikachagua sura ya mwanamke, nikamwongezea shabaha na uongozi, jina nikaandika Mama. Alipoona akasema hana shingo nyembamba namna ile, lakini hakuniambia nibadilishe.

Kwa AIM nikachukua wawili tu, wa wiki nzima: Fox, kwa sababu anajua kutibu, na Barry, mtu wa milipuko. Omerta tulipita kwa adabu. Unampata mwanamke aitwaye Fatima, unampa barua ya Enrico, anakupeleka kwa waasi waliojificha chini ya nyumba, na kiongozi wao, Miguel, anakupa Ira. Ira ni wa upande wao, hadai hata senti, na ana kipaji cha kufundisha, ambacho baadaye ndicho kilichotupatia mgambo wa kulinda mji. Mara zote za nyuma nilikuwa nimekufa kabla ya kuonana naye. Mwenyeji wa bure alikuwa hatua chache kutoka pale nilipokuwa nikizika watu wa kulipwa.

Hatukukaa. Tulishika njia ya mashariki siku ileile kuelekea uwanja wa ndege wa Drassen, uliopo kaskazini mwa mji. Jua la Arulco lilikuwa bado juu, nami nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nikawalaza watu wangu nje ya uwanja hadi giza liingie. Usiku, wote mnaona karibu tu, nyinyi na wao, na kwa bastola zile za mwanzo, ambazo hazina maana yoyote kwa mbali, hiyo ni neema.

Upande wangu mimi ilikuwa saa mbili na nusu usiku, na ratiba ya mgao ya mtaa wetu ilisema umeme mwisho saa nne. Mama mdogo alifunga mlango wa mbele akaniachia funguo.

Tuliingia kwa kuinama, wanne, hakuna anayemwacha mwenzake mbali. Mama nyuma ya masanduku, Barry kwenye kona ya jengo, Ira na Fox nyuma yao. Askari wa kwanza alipoonekana nilimpiga, akaanguka, na badala ya kukimbilia mbele nikafanya kazi ngumu kuliko zote: sikufanya kitu. Nilimaliza zamu huku kila mtu amebakiza pointi. Tena. Na tena. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga kama inanisema. Saa tatu na dakika kumi hakuna aliyekuja. Saa tatu na robo gemu likaandika kwamba mtu wangu amesikia hatua upande wa mashariki, na askari wawili wakajitokeza kwenye kona. Mama akawakatiza zamu. Wa kwanza hakumaliza hatua yake. Wa pili alimpiga Barry kifuani, Barry akaenda chini.

Nafsi iliniambia nimalizane kwanza na yule aliyebaki. Nikakumbuka yule wa nyuma ya kibanda. Fox akatambaa, zamu nzima na nusu ya pili, akamfunga Barry, na Ira ambaye sikumtegemea kwa lolote akampiga askari yule kwa risasi moja ya bahati. Nadhani ilikuwa bahati. Ningekuwa nasimulia vijiweni ningesema niliipanga.

Mapigano yaliisha saa nne kasoro dakika sita. Nilikusanya kila bunduki iliyokuwa chini, hata mbovu. Nikasevu. Nikasevu tena kwa jina jingine, kwa woga. Kisha nikakaa na mikono mapajani, nikisikiliza feni ya kompyuta, hadi mtaa wote ukazimika kwa pamoja, na mbwa wa Jamatini wakaanza.

Mji wenyewe na mgodi vilitumalizia jioni mbili zaidi, na sehemu hiyo haina hadithi kubwa, kwa kuwa Barry alikuwa kitandani akiugua na tulienda polepole mno. Kuteka mgodi peke yake hakutoshi; inabidi umwone msimamizi wake, jamaa aitwaye Fred, mwelewane, ndipo hela ianze kuingia. Siku ya kwanza ilipoingia nilimwita mama mdogo aache mashine ya fotokopi aje aone.

"Hiyo ni ya kila siku?"

"Kila siku, mama, ilimradi tusinyang'anywe."

"Sasa mwite yule wako anayelala."

Mkataba wa wiki, tayari na mahali pa kumpeleka. Shadow alitua kwenye uwanja wetu wenyewe.

Jumamosi iliyofuata aliniamsha saa kumi na moja alfajiri. Pikapu ilikuwa nje, imepakia kreti tupu na wanawake sita wa Mpunguzi waliojifunga kanga vichwani, wakaniitikia "mbukwa" kwa sauti za usingizi. Tulifika shambani jua halijachomoza. Mama mdogo alisimama mwanzo wa mistari ya mizabibu na daftari lake, akaita majina sita, akamkabidhi kila mmoja mkasi na kumwekea tiki.

Akafunga daftari.

"Na mimi, mama?" nikauliza.

Alinipa mkasi wa saba, wenye mpini uliofungwa kwa utepe wa umeme, akaninyooshea kidole mstari wa mwisho kule kwenye miiba.