Kanzu ya Mwaka Huu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu la juma hili ni 1 Samweli 2:18-21, nami naomba tusimame kwenye mstari wa 19, ambao wengi wetu huupita haraka tukikimbilia ile sauti iliyomwita Samweli usiku katika sura ya 3. Mstari huo unaeleza kwamba Hana, aliyekuwa amemtoa Samweli atumike katika nyumba ya Bwana huko Shilo, alikuwa akimtengenezea mwanawe huyo kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka, alipopanda Shilo pamoja na mumewe kutoa dhabihu. Sikuwahi kuutilia maanani mpaka Julai hii, sweta lilipomkwama mwanangu kichwani.

Wakazi wa Dodoma wanajua kwamba Julai si mwezi wa mchezo. Mchana jua linawaka, lakini upepo huvuma na vumbi lake jekundu tangu asubuhi, na usiku baridi hushuka hadi nyuzi joto 13 au 14, kiasi cha mtoto wa miaka mitano kuamka akitafuta mgongo wa mama yake. Mitumba ya soko la Sabasaba ina masweta mengi, na kusema kweli ni nafuu kuliko uzi mpya. Lakini mama yangu mzazi alinifundisha kufuma, na nilitaka mwanangu naye aone vazi likianzia sifuri, katika mikono anayoifahamu. Tukachukua sweta kuukuu la baba yake, lililotoboka viwiko, tukalifumua.

Kufumua ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Alishika ncha ya uzi akawa anarudi kinyumenyume hadi mlangoni, na safu moja baada ya nyingine ikaachia, huku akicheka kwamba sweta la baba linaisha. Uzi wa namna hiyo hutoka umejikunjakunja kama tambi na haufai kufumwa hivyo hivyo, kwa hiyo tuliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, tukaufunga mafungu, tukaufua kwenye beseni, kisha tukauanika ukiwa umening'inizwa chupa ya maji ili uzito wake uunyooshe. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Kila alipopita uani alisimama mbele ya ile chupa na kuniletea taarifa kwamba bado.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na kipimo chake cha mwaka jana katika daftari, nikaongeza vidole viwili, nikaamini kwamba mama hahitaji futi ili amjue mwanawe. Jumamosi jioni nilipomvalisha, shingo ya sweta ilifika masikioni ikagoma kupita. Kutoka ndani ya sufu nikasikia sauti ndogo ikiuliza, "Mama, hili ni la nani?"

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwa Hana. Yeye alimwona mwanawe pale Shilo kwa siku chache tu za sikukuu, kisha akarudi Rama kukaa mwaka mzima bila kumwona. Alikatia kanzu kipimo gani? Maandiko hayasemi. Ila mtu yeyote aliyewahi kumvisha mtoto anajua kwamba akishona kwa mtoto aliyemwacha mwaka jana, atakapofika itakuwa imembana, na kwa hiyo kila kanzu ya Hana ilibidi ikatwe kwa ajili ya mtoto ambaye bado hajamwona. Mstari wa 21 unaongeza kwamba baadaye alizaa wana watatu na binti wawili, maana yake kazi hiyo aliifanya nyumba ikiwa imejaa watoto wengine wanaotaka chakula na nguo. Na bado kila mwaka ilikuwapo kanzu mpya.

Nimejiuliza ni mara ngapi nimemvisha mwanangu imani iliyokatwa kwa kipimo cha mwaka jana. Februari mvua ilipokatika, kanisani kwetu tuliomba, naye akaomba kwa sauti kuliko sisi sote. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na zikikosekana majuma machache katikati ya msimu, shamba hunyauka mbele ya macho ya mwenye nalo. Pasaka tulipokwenda kwa bibi yake, Chamwino, alikuta upande mmoja wa shamba mabua ya mtama yamesimama makavu. Wakati wa kula akaniuliza kama Mungu hakutusikia. Nikamjibu, "Mungu anajua yote, mwanangu, wewe kula." Jibu hilo si la uongo, na alipokuwa na miaka mitatu lilimtosha kabisa. Lakini siku ile nililiona likiishia masikioni, kama lile sweta.

Bibi yake hakuhubiri. Alimshika mkono akampeleka jikoni, akamwonyesha kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya moshi, pale wadudu wasipofika, akamwambia kwamba kila mwaka huomba mvua na kila mwaka hubakiza mbegu za kurudia kupanda, na kwamba upande ule mwingine wa shamba, wenye mtama mfupi wa kijani, ulitoka katika kibuyu hicho. Sijui mtoto alielewa nini. Mimi nilielewa kwamba mama mkwe wangu ameishi na swali hilo muda mrefu kuliko mimi, na hajaacha kuomba wala kupanda.

Jambo jingine la kutazamwa ni kwamba Samweli hakuwa uchi pale hekaluni. Mstari wa 18 unasema alivaa naivera ya kitani, vazi la utumishi wa nyumba ya Bwana. Kanzu ilitoka nyumbani, nayo ikavaliwa mahali ambapo Hofni na Finehasi, makuhani wazima, walikuwa wakinyang'anya nyama ya sadaka. Watoto wetu nao hupewa naivera katika shule ya Jumapili: mistari ya kukariri, nyimbo, igizo la Krismasi. Tunawashukuru sana walimu wao, wanaojitolea bila mshahara. Lakini mwalimu aliye na watoto wengi mbele yake hawezi kujua kwamba huyu mmoja amekua vidole vinne tangu mwaka jana, na wala si kazi yake kujua. Kumbukumbu la Torati 6:7 inaiweka kazi hiyo "uketipo katika nyumba yako", na kwetu nyumbani hukaa zaidi tukiwa na kitu mkononi: uzi, mchele wa kuchambua, boksi linalogeuzwa kuwa gari. Nimeona kwamba mtoto huuliza mambo makubwa wakati macho yake na yangu yako kwenye kazi, wala si wakati ninapomketisha nimfundishe.

Neno la Kiebrania lililotafsiriwa kanzu katika mstari wetu, meil, linaonekana tena katika 1 Samweli 28:14, pale mfalme Sauli anapomtambua mzee Samweli kwa vazi alilojifunika. Siingii katika mjadala wa Endori, kama aliyepandishwa na yule mwanamke mwaguzi alikuwa kweli Samweli aliyekwisha kufa, mjadala ambao jumuiya yetu ya Alhamisi haijaumaliza hadi leo. Ninachokiona ni mtu mzima, nabii aliyeogopwa na wafalme, anayejulikana kwa vazi lenye jina lile lile la kanzu alizoletewa na mama yake.

Lile sweta nimelifumua tena. Safari hii nilimsimamisha ukutani nikampima kwa uzi, kichwa, mabega na mikono, naye akasimama wima kama askari wa gwaride. Mkono wa kushoto umekamilika, wa kulia umefika kiwikoni. Juzi, baada ya sala ya jioni, alikuwa amenishikia donge la uzi akauliza tena kuhusu mtama wa bibi. Nilimwambia kwamba hata mimi ninamwuliza Mungu jambo hilo, na kwamba tunaweza kumwuliza pamoja. Alinyamaza kidogo, akavuta uzi, kisha akaniambia nisiifunge shingo kwanza.