Vita ambavyo havikupiganwa

Jamani, nimemaliza kuandika pambano la kwanza la vita vyangu vya kubuni, na mikono bado inanitetemeka. Ni tarehe 27 Oktoba 1962, karibu na Kuba, Marekani na Wasovieti wakivutana juu ya makombora ya nyuklia kisiwani humo. Manowari za Marekani zinadondosha mabomu madogo ya ishara juu ya nyambizi ya Kisovieti, B-59. Ndani humo joto halivumiliki, hewa nzito, mawasiliano na Moscow yamekatika. Nahodha Savitsky anataka kufyatua torpido ya nyuklia. Katika historia halisi, Vasili Arkhipov, ofisa mwenzake ndani ya nyambizi hiyo, alimtuliza. Kwangu mimi, Arkhipov anakubali ifyatuliwe. Sentensi hiyo moja ilinikaba koo. Nikaiandika, nikaifuta, nikairudia. Mtu mmoja tu, jamani! Sasa naingia sura ya pili: Rais Kennedy wa Marekani anapokea taarifa.