Maswali Mawili ya Muuguzi Kuhusu Umanjano

Siku ya tatu baada ya kujifungua mwanangu wa pili, muuguzi alimbeba hadi dirishani, akambonyeza kwa kidole kwenye paji la uso, akaachia, na pale ngozi ilipokuwa bado haijarudiwa na damu nikaiona njano ambayo usiku kucha chini ya taa sikuwa nimeiona. Nilitarajia aniambie imekolea kiasi gani. Badala yake aliniuliza, "Mama, umeanza kuiona lini?" na kabla sijamaliza kujibu akaongeza, "Na choo chake kina rangi gani?" Wakati ule niliona kama anaizunguka hoja. Baadaye, katika kusoma na kuwauliza madaktari, nilikuja kuelewa kwamba maswali yale mawili, la muda na la choo, yamebeba sehemu kubwa ya uchunguzi wa umanjano, kwa mtoto na kwa mtu mzima, na kwamba ukali wa rangi wenyewe hausemi mengi kama tunavyodhani.

Nianze na jina, maana hapo ndipo tunapopotezana. Homa ya manjano ni ugonjwa mmoja mahususi, unaoletwa na virusi vinavyoenezwa na mbu, na una chanjo yake. Homa ya ini ni jina la kundi jingine la magonjwa. Umanjano ninaouzungumzia si ugonjwa bali ni dalili ya bilirubini, rangi ya njano itokanayo na seli za damu zilizochakaa, kujaa katika damu, na magonjwa hayo yote yanaweza kuuleta, pamoja na mengine mengi yasiyohusiana nayo. Mtu anayesema amekutwa na manjano bado hajasema anaumwa nini.

Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Ikichakaa huvunjwa, hasa kwenye wengu, na himoglobini yake hugeuzwa kuwa bilirubini, rangi isiyoyeyuka kwenye maji, ambayo husafiri katika damu ikiwa imeshikamana na protini iitwayo albumini. Ini huipokea, huiunganisha na asidi ya glukuroniki ili iweze kuyeyuka, kisha huimwaga kwenye nyongo. Nyongo nayo huifikisha utumboni, ambako bakteria huigeuza kuwa rangi inayokipa kinyesi hudhurungi yake. Kwa hiyo bilirubini ni za aina mbili, ile ambayo ini bado halijaiunganisha na ile iliyokwisha kuunganishwa; maabara huziita isiyo ya moja kwa moja na ya moja kwa moja, majina yanayoeleza namna kipimo kinavyozikamata kuliko yanavyomsaidia mgonjwa. Mimi nitaziita ghafi na iliyosindikwa.

Kwa mtu mzima, jumla ya bilirubini kwa kawaida haizidi miligramu 1.2 hivi kwa desilita moja ya damu, na weupe wa macho huanza kugeuka rangi inapokaribia 3. Macho hutangulia ngozi, na ni heri kuyatazama kwa mwanga wa mchana. Aliyekula kwa wingi vyakula vyenye karotini, ile rangi ya karoti, anaweza kuwa na viganja na nyayo za njano, lakini macho yake hubaki meupe, na huyo hana umanjano.

Sasa mkojo na choo. Bilirubini ghafi, kwa kuwa imeshikwa na albumini, haipiti kwenye figo. Ndiyo maana mtu ambaye seli zake nyekundu zinavunjika kwa wingi, kwa mfano kwa sababu ya malaria, selimundu au upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda seli hizo, anaweza kuwa na macho ya njano ilhali kipimo cha mkojo hakionyeshi bilirubini na kinyesi kina rangi yake ya kila siku. (Seli zikipasuka kwa kasi ndani ya mishipa mkojo huweza kuwa mweusi, lakini hapo kinachoonekana ni himoglobini.) Bilirubini iliyosindikwa ndiyo inayopita, na ndiyo inayoupa mkojo rangi ya chai iliyokolea, mkojo wa namna hiyo unaelekeza kwenye ini lenyewe au kwenye njia ya nyongo. Na ikiwa pamoja na mkojo huo kinyesi kimepauka kama udongo wa mfinyanzi, na mwili unawasha hata mgonjwa hapati usingizi, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba nyongo haifiki utumboni.

Kinachoziba kinaweza kuwa jiwe, na jiwe mara nyingi hujitangaza kwa maumivu makali chini ya mbavu za kulia; yakiambatana na homa na kutetemeka, yumkini njia ya nyongo imeshapata maambukizi, na hakuna kusubiri kesho. Ninaouogopa zaidi ni umanjano usiouma kwa mtu wa makamo au mzee anayekonda, kwa kuwa saratani ya kichwa cha kongosho huweza kuubana mfereji wa nyongo polepole bila ya kumpa mwenyewe sababu ya kulalamika. Kwenye ini lenyewe wahusika ni wengi: virusi vya homa ya ini, pombe, dawa za kifua kikuu kwa baadhi ya wagonjwa, na parasetamoli iliyomezwa kupita kiasi. Ipo pia hali ya kurithi iitwayo ya Gilbert, ambapo kimeng'enya cha kusindika ni kivivu tu. Macho huwa na unjano kidogo mtu akishinda na njaa au akiugua, vipimo vingine vyote huwa sawa, na haina haja ya dawa.

Kwa hiyo daktari makini hatosheki na jumla ya bilirubini, bali huagiza zote mbili zitenganishwe. Huangalia vimeng'enya vya ini: ALT na AST hupanda zaidi seli za ini zinapoumia, ALP na GGT hupanda zaidi njia inapoziba. Huongeza picha kamili ya damu, vipimo vya virusi, na ultrasaundi ya kuona kama mifereji imepanuka. Kipimo ninachokipenda kwa mantiki yake ni cha kuganda kwa damu. Bila nyongo utumbo haufyonzi vitamini K vizuri, na ini bila vitamini hiyo halitengenezi vigandishi vyote. Mgonjwa akichomwa sindano ya vitamini K na damu ikarudi kuganda sawasawa, shida ilikuwa njiani, lakini isiporudi, ini lenyewe huenda limechoka.

Kwa mtoto mchanga hesabu ni nyingine. Seli zake nyekundu ni nyingi na huishi muda mfupi zaidi, kimeng'enya chake cha kusindika bado hakijapevuka, na choo cheusi cha mwanzo kikikawia tumboni bilirubini hufyonzwa tena na kurudi kwenye damu. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya watoto waliotimiza miezi hupata umanjano katika wiki ya kwanza, na watoto njiti zaidi ya hapo. Huo wa kawaida hujitokeza siku ya pili au ya tatu, hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, na kwa mtoto aliyetimiza miezi huisha ndani ya wiki mbili. Ukijitokeza ndani ya saa 24 za kwanza, si wa kawaida hata kama ni hafifu. Hapo hutafutwa kwanza mgongano wa damu, kama mama mwenye Rh hasi na mtoto mwenye Rh chanya, au mama wa kundi O na mtoto wa A au B, kisha G6PD na maambukizi. Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la yule muuguzi.

Jicho, hata la mzoefu, halitoshi kukadiria kiwango, hasa kwenye ngozi nyeusi, ambapo ni bora kutazama macho na ufizi. Mwanangu aliwekewa kifaa cha mwanga kifuani, kisha akatolewa damu kisiginoni, na namba ikawekwa kwenye chati ambayo umri wake ulihesabiwa kwa saa. Namba ileile inaweza kuwa ya hatari kwa mtoto wa saa 20 na isiwe kitu kwa wa saa 80. Wetu alikuwa chini ya mstari wa matibabu. Tuliambiwa tumnyonyeshe mara kwa mara na turudi kesho yake. Angekuwa juu yake angewekwa chini ya mwanga wa buluu, ambao huibadili bilirubini umbo ikaweza kutoka bila kusubiri ini. Kumwanika mtoto juani si mbadala wake, kwa maana jua humuunguza na kumpa joto, na familia hupoteza saa ambazo bilirubini ghafi inaweza kuingia ubongoni. Mtoto wa njano anayelala bila kuamka kunyonya, anayelia kwa sauti kali au kupinda mgongo kwa nyuma, huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

Swali la pili, la choo, linahusu watoto ambao njano yao inapita wiki mbili. Wengi wao wananyonya, wanaongezeka uzito, na njano yao inatokana na maziwa ya mama, jambo lisilo sababu ya kumwachisha. Wachache njia zao za nyongo zimeziba tangu mwanzo, na kwao bilirubini iliyosindikwa hupanda, choo hupauka kikawa kama chokaa, na mkojo, ambao kwa kichanga unapaswa kuwa karibu hauna rangi, huacha doa la njano kwenye nepi. Upasuaji wao, ulioanzishwa na Morio Kasai wa Japani katika miaka ya 1950, huleta matokeo mazuri zaidi ukifanyika kabla ya siku 60, na wiki hizo hupita upesi nyumbani ambamo kila mtu anasema njano ya mtoto itaisha yenyewe. Ya mwanangu iliisha yenyewe, siku ya kumi na mbili. Hata hivyo hadi mwezi wa pili nilikuwa bado naikunjua kila nepi dirishani kabla ya kuitupa.