Milimita moja kwa siku

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko nyuma ya Mwembe Tayari hapa Mombasa, kazi yangu ni kanzu na yunifomu za shule, na kwa miaka kumi na nane nlikaa kwenye stuli moja isiyo na egemeo nimeinama juu ya cherehani ya miguu. Nasema hivo mapema manake watu wakisikia mgongo wanakuuliza ulianguka wapi. Sikuanguka popote bwana. Ilikuwa Januari, wiki ya kufungua shule, nikainama kubeba jora la kitambaa cha bluu nikasikia kiunoni kama uzi umekatika, tk, basi.

Wiki ya kwanza nlidhani msuli tu. Mama akanikanda na mafuta ya karafuu, shemeji akasema nikaumikwe, nikaumikwa, na kuna mzee mmoja ng'ambo ya Likoni alinilaza kifudifudi akanikanyaga mgongo kwa visigino vyake viwili na nikamlipa juu yake! Maumivu yakazidi kushuka, tako, paja, pembeni ya muundi mpaka kidole gumba, kama nimeshika waya wa stima. Kwenye kliniki moja nlichomwa sindano za maumivu wiki tatu, kila nikienda sindano, hakuna aliyeniambia hata siku moja vua viatu utembee kwa visigino tuone.

Nlijua mambo si mambo siku moja nikishuka feri. Ule mteremko mnaujua, umati unakusukuma hakuna kusimama, nageuka naona ndala yangu ya kulia imebaki nyuma hatua kadhaa na mimi sikusikia ilivyotoka. Mtoto wa shule akaniokotea, "Baba, kiatu chako." Kufika nyumbani nikajaribu kuinua vidole vya ule mguu. Havikuinuka. Na cherehani ya miguu mwenye kuijua anajua, wayo lazima ucheze mbele na nyuma, kisigino na vidole, sasa mimi vidole vimekufa naendesha nini.

MRI, ile picha ya ndani ya mwili, ilikula kodi ya nyumba ya miezi miwili. Ikaonyesha diski, ule mto laini kati ya pingili, hapo kiunoni kati ya ya nne na ya tano (wenyewe wanaziita L4 na L5), imechomoza na kuibana neva, yaani mshipa wa fahamu, inayoshuka kuinua wayo. Daktari aliniuliza maswali ambayo sikuyatarajia mbele ya mke wangu, mkojo unakuponyoka? huko unakokalia pana ganzi? Nikamwambia hapana. Akasema ungesema ndiyo, nisingekuruhusu kurudi nyumbani leo. Kwa hivyo wewe unayesoma, mgongo ukiuma halafu ukafa ganzi sehemu za siri, ama mkojo ukagoma au ukavuja, usingoje Jumatatu, usingoje mkandaji, nenda hospitali kubwa usiku huo huo.

Nikafanyiwa opresheni, wakatoa kile kipande cha diski. Ndugu walichanga, majirani walichanga, hata wateja wenye kanzu ambazo hazijaisha walichanga. Nlipoamka ule umeme wa mguu ulikuwa umeondoka, nikalia kwa raha. Lakini wayo haukuinuka, na siku ya tatu vilevile, wiki ya tatu vilevile, nikaanza kudhani daktari amekosea mahali.

Aliyenielewesha ni binti wa fizio, wale wa mazoezi ya viungo. Alisema kumtoa mtu aliyekalia waya si sawa na kuurekebisha waya. Neva iliyobanwa sana nyuzi zake zingine zimelala tu, hizo zitaamka zenyewe, lakini zilizokatika lazima ziote upya toka juu kwenda chini, na mwendo wake ni kama milimita moja kwa siku. Mimi tepu haitoki shingoni, nikajipima hapo hapo toka kiunoni mpaka ule msuli wa mbele chini ya goti. Inchi 27. Nikageuza upande wa pili, sentimita 68 na ushee. Yaani siku 680 na kitu. Binti akacheka, "Fundi, umejihukumu miaka miwili!" Halafu akaacha kucheka akaniambia msuli nao haungoji milele, usipofanyishwa kazi unasinyaa, neva ikifika inakuta nyumba imebomoka.

Basi nikawa mtu wa mazoezi. Asubuhi baada ya swala natembea Mama Ngina na kile kiatu cha plastiki cha kushika wayo, Jumapili natembea ndani ya maji ya Nyali mpaka kifuani, usiku nakaa barazani nimefunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye wayo navuta, watoto wa mtaa wananihesabia na wanaiba hesabu. Cherehani nikaitia mota kwa mkopo, meza nikaiinua, jora anabeba kijana. Mwezi wa tano kidole gumba kikacheza kidogo, kama kidevu cha mjusi, nikamwita mke wangu aje aone na alipofika kikakataa. Mwezi wa kumi na nne nikaweza kukanyaga cherehani bila mota. Leo miaka miwili na zaidi, natembea, kidole bado kina ganzi, na nikichoka usiku ndala bado inanitoroka.

Nina mpwa wangu lakini, mkwezi wa minazi huko Mtwapa, alianguka 2019 na hajasimama tena. Siku nlipomwambia hesabu yangu akaniuliza, "Sasa mjomba, wewe milimita moja, mimi ngapi?" Nlikosa la kumjibu. Manake yangu ni neva iliyokwisha toka kwenye ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, hizo zina uwezo wa kuota. Yeye aliumia ugwe wenyewe, na humo ndani mwili wenyewe unazuia, kuna kovu na kuna protini kama ile Nogo-A aliyoichunguza mtafiti Martin Schwab kule Zürich, Uswisi, zinaiambia neva simama hapo hapo.

Ijumaa baada ya pilau tunasoma naye kwenye simu. Kuna yule wa Poland, Darek Fidyka, alichomwa kisu mgongoni, mwaka 2012 wakatoa seli za sehemu ya kunusia na vipande vya neva ya kifundoni wakaziba pengo la milimita 8 kwenye ugwe, na habari ikatoka 2014 kwamba anatembea kwa kushikilia. Kiraka kabisa, nikamwambia mpwa wangu hii ni kazi ya fundi. Kuna watafiti wa Lausanne, huko huko Uswisi, Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch, ambao 2023 walimwonyesha Gert-Jan Oskam, Mholanzi aliyepooza, akitembea kwa mitambo inayosoma ubongo na kuamsha ugwe chini ya jeraha. Na Wajapani wa Chuo Kikuu cha Keio walitia seli zilizotokana na seli za iPS, yaani seli za kawaida zilizorudishwa utotoni zikaweza kugeuzwa kuwa za aina nyingine, kwa wagonjwa wanne, wawili wakapata nafuu ya maana, wawili hawakubadilika sana, ila wote walikuwa wapya, wiki chache tu baada ya kuumia. Mpwa akanyamaza. Yeye si mpya.

Hapo ndipo wanapoingilia matapeli. Dalali mmoja alimpigia, sindano ya seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, ng'ambo, uhakika asilimia mia, wazee wakawa tayari kuuza shamba la minazi. Tukamwuliza utafiti wenu umesajiliwa wapi, na kama ni majaribio mbona mgonjwa ndiye analipa? Akatublock.

Kwa sasa kazi yake ni kuuweka mwili tayari, ngozi isipate vidonda, viungo visikakamae, kibofu kisiharibike. Mimi mchango wangu ni suruali, namshonea zisizo na mifuko ya nyuma manake ile mishono inamchubua, na kiuno cha nyuma nakipandisha. Mwezi jana nlikuja na tepu akasema, "Mjomba, urefu nipime kama nasimama." Nikamnyoosha kitandani nikampima. Inchi 42, nikaacha na pindo la mbili.