Siku moja maishani mwangu: nesi wa kliniki ya watoto, Muheza, Tanga

Saa 12:00 asubuhi. Msimu wa machungwa bodaboda wa Muheza hawana haja na abiria, wanabeba magunia. Natembea. Mambo ya nyumbani nayaruka, hayana tofauti na ya kwako.

Saa 1:30. Kabla ya salamu za maana naenda kwenye jokofu la chanjo. Kipimajoto kinatakiwa kisome kati ya nyuzi 2 na 8. Leo ni 5, tumeamka salama. Nje benchi limeshajaa kanga na vilio, kadi za kliniki zimepangwa mezani kwa foleni.

Elimu ya afya leo ni zamu yangu. Kina mama wanategemea habari za uji wa lishe, mimi nawauliza: "Mtoto anatakiwa atembee akiwa na miezi mingapi?" Wanaitikia kwa pamoja: "Mwaka!"

Jibu hilo linanisumbua kila mara. Mwenye mtoto wa miezi 13 anayesimama dede tu anakosa usingizi bure. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na viwango vyake vikatoka mwaka 2006: wapo walioanza kutembea wenyewe na miezi 8, wapo waliokaribia miezi 18, na wote ni wazima. Kukaa bila kushikiliwa, wa mwisho walifikia miezi 9 na siku chache. Asilimia 4 hivi hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti.

"Wangu anasota," anasema mama mmoja, "anatudekia nyumba nzima."

Asote tu. Ninachotaka kujua ni kama mwezi huu anafanya jambo ambalo mwezi jana hakuliweza, na kama amefika ukingoni mwa muda, mfano hiyo miezi 18 ya kutembea. Aliyevuka ukingo aje. Na aliyekuwa akifanya jambo kisha akaliacha, alikuwa anasema "baba" sasa hasemi, aje kesho, asingoje tarehe ya kadi.

Saa 2:30. Mizani, kisha sindano. Kwa foleni hii sina muda wa kumchunguza mtoto peke yake, kwa hiyo macho yanafanya kazi yao wakati mikono inavuta dawa. Wa wiki 6 namwinamia usoni nione kama anatabasamu. Asipotabasamu leo si neno, lakini hadi miezi 3 sitaki hadithi nyingine. Wa wiki 14 namwangalia shingo na viganja: bado amekunja ngumi muda wote? Wa miezi 9 aliyekuja kwa chanjo ya surua-rubella namkalisha mezani, natikisa kopo lenye punje za mahindi nyuma ya sikio lake, kisha mama anamwita jina.

Wamekuja pia pacha wa miezi 6, na mama yao ana huzuni kwamba wa jirani wanakaa na wake hawakai. Walizaliwa miezi 2 kabla ya wakati. Basi tunawahesabia miezi 4, na tutaendelea kuwakatia hiyo miezi 2 mpaka wafikishe miaka 2. Wakipimwa kwa miezi 4, wako vizuri kabisa. Mama anaondoka na uso mwingine.

Niseme jambo ambalo naliamini kuliko yote katika kazi hii. Baada ya chanjo ya miezi 9 kina mama wengi hupotea. Wanasema chanjo zimekwisha, kupima uzito tu kuna haja gani. Sindano inayofuata ni ya miezi 18. Katikati ya hizo mbili ndipo mtoto anaposimama, anaponyoosha kidole kuonesha kitu, anaposema neno la kwanza, na ndipo asipofanya hayo hakuna mtu wa kliniki anayemwona. Wa miezi 18 anaporudi, amefika mwisho kabisa wa muda wa kutembea. Ndiyo maana siku ya chanjo hiyo naomba ashushwe chini kabla sijagusa sindano. Aje kwangu kwa miguu yake.

Saa 4:20. Chai imepoa kwa sababu ya huyu. Bibi mmoja kaingia na mkwewe, binti mdogo, mtoto kafunikwa gubigubi mgongoni na joto hili la Muheza. Miezi 18. Nikaomba ashushwe.

"Hatembei huyo," bibi akasema. "Kabemendwa." Binti akaangalia sakafu.

Wa pande hizi wanajua uzito wake. Mtoto akichelewa, inasemwa mzazi mmoja alitoka nje ya ndoa wakati mtoto ananyonya, na mara nyingi macho yanamwelekea mama. Tangu hapo mtoto hatafutiwi tiba, mama ndiye anayetafutiwa mashahidi. Anajificha naye ndani, kliniki anaikwepa. Nimewaona pia waliofukiwa mchangani mpaka kiunoni ili miguu ipate nguvu.

"Shikamoo bibi. Naomba nimwone kwanza, hayo mengine tutazungumza."

"Marahaba mwanangu. Mwone."

Nilimshika kwapani nikamsimamisha. Miguu ikakaza, ikapishana kama mkasi, akasimama kwa ncha za vidole. Nikampa kijiko. Akakipokea kwa mkono wa kushoto. Nikakisogeza upande wa kulia, akajipinda mwili mzima kukifuata kwa kushoto kile kile. Wa kulia ulikuwa ngumi, kidole gumba ndani.

"Wa kushoto huyu," mama akasema, na hapo ndipo alipotabasamu. "Tangu ana miezi 5."

Mtoto mdogo hutumia mikono yote miwili. Akichagua mmoja kabla ya mwaka, hajawa wa kushoto, huo mwingine huenda una shida. Nikamuuliza mama kama alilia alipozaliwa. Akasema alikaa kimya, wakampulizia pumzi kwa mpira na barakoa, akalia baadaye sana.

Mimi si daktari wa watoto, jina la ugonjwa sikulitaja. Nilichomwambia bibi ni kwamba ubongo wa huyu mtoto huenda uliumia kwa kukosa hewa siku aliyozaliwa, kabla hajanyonya hata tone, kwa hiyo hakuna mtu wa kuulizwa alilala wapi. Ukiumia hivyo haurudi kama ulivyokuwa. Lakini mazoezi tiba yakianza mapema, viungo havigandi, atajifunza kukaa vizuri na kula bila kupaliwa, na huenda akasimama. Ukimya wa bibi ulikuwa mrefu. Kisha akauliza, "Na hayo mazoezi yanatolewa wapi?" Nikaandika rufaa ya hospitali ya mkoa. Nikamtajia pia hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, iwapo watapelekwa mbele. Mtoto akachomwa chanjo yake kama wenzake.

Saa 6:40. Wa miaka 2 na nusu, hasemi. "Wanaume huchelewa," baba yake ananiambia. Huchelewa kidogo, ndiyo, lakini kwa miaka 2 tunategemea aunganishe maneno mawili: "mama maji", "baba njoo". Nikaangalia masikio: usaha, pande zote mbili, na inaonekana ni wa siku nyingi. Mtoto asiyesikia ataiga nini? Daktari wetu amwone leo, na kipimo cha usikivu kifuate. Baba alitaka akatwe utepe wa chini ya ulimi; ulimi anautoa nje vizuri tu, haujashikwa popote.

Saa 8:00. Rejesta za MTUHA, yaani takwimu za huduma tulizotoa. Hakuna la kusimulia.

Saa 9:30. Nafunga, simu inaita. Baba wa yule wa asubuhi niliyempa rufaa. Anauliza gharama. Namwambia kisera matibabu ya mtoto wa chini ya miaka 5 ni bure, ila nauli haimo, wajipange kwenda mara nyingi, si mara moja. Anasema Jumanne akishauza machungwa watakwenda Tanga. Mama aende mwenyewe, nikamwambia, yeye ndiye anayejua anavyokula na anavyolala, na kadi asiiache.

"Na bibi anataka kwenda," akasema.

Aende. Mazoezi yenyewe ni ya kila siku nyumbani, na mchana mtoto anashinda na yeye.