Usiku Polandi Ilipopiga Mdundiko

Kila mtu alete ngoma ya kwao. Hilo ndilo shauri tulilokubaliana kwenye kundi letu katikati ya mwaka 2019, na aliyelitoa ni kijana wa Surabaya, Indonesia. Tulikuwa tukikutana usiku ndani ya osu!, gemu la mapigo ambalo Dean Herbert wa Australia alilitoa mwaka 2007 na ambalo kulicheza ni bure. Kulieleza ni rahisi: wimbo unapigwa, alama zinakuja kwenye kioo cha kompyuta, na wewe unabonyeza kibodi pale pale pigo linapotua. Alama hizo wachezaji ndio wanaozipanga. Mtu anachukua wimbo anaoupenda, anakaa nao, anaweka kila pigo mahali pake, kisha anawapa wenzake hiyo ramani waipige. Tulikuwa tumepiga nyimbo za katuni za Kijapani mpaka zikatuchosha. Sasa ikawa zamu ya makwetu.

Sisi tulipenda mtindo wa taiko, ambao umefuata nyayo za Taiko no Tatsujin, gemu la ngoma la Namco lililoingia kwenye kumbi za michezo za Japani mwaka 2001. Duara jekundu maana yake piga katikati ya ngozi. Duara la bluu, piga ukingoni. Likija kubwa, piga kwa mikono miwili. Siku ya kwanza kuliona nilicheka kwa furaha, maana mimi nimekulia Bagamoyo, na mtoto wa Bagamoyo hahitaji kufundishwa kwamba ngoma ina katikati na ukingo. Chuo cha Sanaa kipo pale ufukweni tangu 1981, siku hizi tunakiita TaSUBa, na ukipita jirani jioni utasikia wanafunzi wakirudia pigo moja hadi upepo wa kusi ulichukue. Na nyumbani kwetu, Magomeni ya hapo hapo Bagamoyo, alikuwapo Mjomba.

Mjomba ni mpiga ngoma wa shughuli. Harusi, unyago, mwali akitolewa nje, anaitwa yeye. Mdundiko wa Wazaramo anaujua kwa namna ambayo hajawahi kumweleza mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Nilipomwendea kumwomba nimrekodi, alitaka kujua jambo moja tu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Mjomba. Hao watu wenyewe watacheza, au watasikiliza tu?"

"Watapiga."

"Basi haya."

Siku iliyofuata alasiri walikusanyika uani: yeye kwenye msondo, ngoma ndefu, wenzake wawili na chapuo, ngoma ndogo, mama mdogo na majirani kwa ajili ya makofi na vigelegele. Walikoka moto wa makuti, wakazipasha ngoma ngozi zikakaza, kila mara Mjomba akigonga kwa kidole na kusikiliza, akirudisha motoni, akigonga tena. Sauti ya msondo inahitaji moto huo, hasa sisi wa pwani ambao hewa yetu ya chumvi hulegeza ngozi kabla shughuli haijakolea. Simu niliiweka mbali, kwenye dirisha la jiko, maana ukiisogeza karibu na msondo hurekodi mkwaruzo mtupu. Nikapata dakika tatu safi, na ndani yake kuku wa jirani, ambaye sikumtoa.

Kazi ya ramani ndiyo ninayotaka kuieleza hasa, kwa sababu humo ndimo nilimjua Mjomba.

Programu ya kupangia mapigo inaanza kwa kukuuliza vitu viwili: pigo la kwanza linatua milisekunde ya ngapi, na wimbo una mapigo mangapi kwa dakika. Nyimbo za studio hujibu hapo hapo, maana zimepigwa na mashine au na watu waliovaa masikioni metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa. Ukiandika 180, ni 180 mwanzo hadi mwisho. Mjomba hana namba. Anaanza kama kwenye 116, akisikia makofi yamekolea anapanda taratibu, chapuo likipewa nafasi ya kujitapa anarudi nyuma kidogo kulingoja, halafu wanaondoka wote pamoja kwa kasi mpya. Ukimfunga kwenye namba moja, mistari ya kompyuta inamtangulia, na kufikia dakika ya pili inapiga ngoma yake peke yake.

Kijana wa Surabaya ndiye aliyenipa njia. Yeye alikuwa ameshaleta kipande cha gamelani, muziki wa kwao wa kugonga shaba, na gamelani nayo haiendi kwa saa; mwishoni wapigaji hupunguza mwendo wote kwa pamoja kuuelekea upatu mkubwa. Akaniandikia kwamba kila mzunguko nimwekee Mjomba mstari mwekundu mpya wenye namba yake mwenyewe. Nipunguze kasi ya kusikilizia hadi robo, nitafute pigo kwa sikio, niweke mstari, nisogee. Akanisisitizia nisinyooshe chochote. Wapo wanaochukua rekodi ya watu hai wakaivuta na kuibana mpaka ifuate metronomu, ili ramani iwe rahisi. Nilisikiliza mfano mmoja wa kazi kama hiyo, na nasema bila kuficha kwamba ni dhuluma kwa wapigaji. Pale mkono ulipongoja, ulingoja kwa sababu.

Basi nikawa na mistari mingi kuliko ramani yoyote niliyowahi kuiona. Lakini bado sikujua mstari niuweke wapi hasa, maana nilipousikiliza mdundiko kwa robo ya kasi, pigo lenyewe lilinipotea. Chapuo lilikuwa likigawa kila pigo mara tatu. Msondo ukipita katikati yake kama unaogawa mara mbili. Makofi nayo yana njia yake. Kila ngoma ukiishika peke yake inakuambia mwanzo uko kwake. Programu ina kipimo cha kugawia pigo, nne kwa nyimbo nyingi za dansi, tatu kwa zile zenye mwendo kama wetu, na hata nilipochagua tatu nilibaki na swali lile lile: moja iko wapi?

Nikampelekea Mjomba kompyuta barazani. Akasikiliza, akaomba nirudishe mwanzo, kisha akasimama.

"Mguu uko wapi?" akaniuliza.

"Mguu wa nani?"

"Mdundiko ni ngoma ya njiani. Watu wanatembea nayo. Unatoka nayo hapa unafika nayo Dunda, na nyuma yako mji mzima. Sasa wewe unatafuta kwenye ngoma. Ngoma inazunguka mguu tu." Akaanza kutembea pale barazani, mzito, mabega yakicheza, na kila alipokanyaga akasema, "Hapa. Hapa. Hapa."

Pigo alilokuwa akilikanyaga halikuwa kwenye msondo wala chapuo. Sehemu kubwa ya wimbo hakuna ngoma hata moja inayogonga pale. Ni nafasi tupu, na ngoma zote tatu zinajua ilipo. Nikaweka simu chini, nikarekodi miguu yake peke yake huku wimbo ukipigwa, nikalinganisha, na mistari yote ikakaa. Nilikuwa nimeusikia mdundiko tangu nikibebwa mgongoni, nimeufuata utotoni hadi kupotea mitaa ya watu, na siku ile ndiyo niliyoelewa umejengwaje.

Rangi zilifuata bila taabu. Pigo la kiganja katikati ya ngozi, nyekundu. La vidole ukingoni, bluu. Pale Mjomba anapoita kwa mikono miwili ili mwendo ubadilike, duara kubwa.

Tukapanga Jumamosi ya Agosti, saa tatu usiku kwetu. Gdańsk kule Polandi ilikuwa saa mbili, Salvador kule Brazili saa tisa alasiri, Surabaya saa saba usiku na Manila saa nane. Faili lote halikufika megabaiti tano, kwa hiyo bando la simu lilitosha kulipakia na kubaki. Na hapa niseme kwa nini napenda magemu haya kuliko ya mpira au ya bunduki: pigo lako linahukumiwa ndani ya kompyuta yako mwenyewe, palepale, na kinachovuka bahari ni alama ulizopata. Mtandao ukivuta miguu haucheleweshi mkono wako. Mtu aliyeunganisha kompyuta kwenye simu yake Magomeni anashindana kwa haki na mtu mwenye nyaya za kioo Manila. Unachohitaji ni hedifoni za waya, maana zile za bluetooth huchelewesha sauti.

Chumba cha kuchezea ndani ya gemu kinabeba watu 16, na kilijaa. Nikaandika mistari michache kuwaeleza: hii ni ngoma ya kutembea, pigo liko mguuni. Wakabonyeza tayari mmoja baada ya mwingine. Mjomba alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni yangu, kikombe cha kahawa mkononi, akiangalia majina asiyoweza kuyatamka yakiwa kijani.

Wimbo ukaanza, kuku akawika, msondo ukaingia.

Wengi walianguka mwanzoni kabisa. Watu ambao nimewaona wakipiga nyimbo za kasi ya ajabu bila kukosa hata duara moja, waliyumba kwenye 116, kwa sababu vidole vyao vilikuwa vimezoea kugawa kwa nne na macho yao yalikuwa yakiamini kila kinachokuja kitakuja kwa kipimo. Mjomba alipongoja, wao waliwahi. Alipoondoka, waliachwa. Ila dada wa Gdańsk, ambaye macho yake ni ya kipekee, alirekebisha ndani ya mizunguko michache akasonga juu ya orodha, na hakushuka. Nyuma yake akaja kijana wa Salvador. Mwisho wa wimbo dada alikuwa wa kwanza kwa alama, kijana wa pili, na chumba kizima kikawa kinaandika kwa herufi kubwa.

Mjomba akataka kuwasikia. Gemu huhifadhi mchezo wa kila mtu kwenye kompyuta yake, na akikutumia faili lake ukaurudia, unasikia mapigo yake juu ya wimbo kama ngoma ya nne. Nikachomoa hedifoni, nikaunganisha spika, nikampigia wa dada kwanza. Akatikisa kichwa kwa heshima. "Ana bidii huyu." Nikampigia wa kijana. Kahawa ikawekwa chini.

"Huyu kwao wapi?"

Nikamwambia Brazili, mji wa Salvador, kwenye jimbo la Bahia, ambako wajukuu wa watu waliochukuliwa Afrika wangali wanapiga ngoma za ibada za kandomble. Kijana mwenyewe alikuwa ameshaniandikia kwamba amekua akisikia atabake, ngoma za ibada hiyo, na kwamba kugawa kwa tatu kwake ni nyumbani.

"Sikiliza hapa," Mjomba akasema, akanishika mkono niurudishe. "Hapa anaegemea. Hapa pia. Mimi nikiwa pale, ningempa msondo nikanywe maji."

Hapo alipoegemea ndipo gemu lilipomkata alama. Kwa ugumu niliouweka, pigo bora linatakiwa litue ndani ya milisekunde 35 kabla au baada, na yake kadhaa yalichelewa kupita hapo, kila mara mahali palepale, kila mara kabla ya mwito. Namba zilimweka wa pili. Nimelifikiria sana jambo hili tangu usiku ule, na bado nasimama na Mjomba.

Lakini hakutaka kumwacha dada wa watu. "Anaweza," akasema. "Hajaambiwa tu." Akaniomba simu, nikamfungulia ujumbe wa sauti, naye akampigia msondo kwa mdomo, polepole, akikanyaga mkeka kwa kisigino: ndu, ti-ki-di, ndu-ndu, ti-ki-di. Pale pa kuegemea akauvuta ule mwisho, ndu-uu, akanyamaza, akakanyaga, akaingia tena. Akarudia. Hakusema neno la Kiswahili wala la lugha nyingine.

Ukapita muda. Ukarudi ujumbe wa sauti kutoka Gdańsk: ndu, ti-ki-di, sauti nyembamba, na nyuma yake kitu kikigonga sakafu ya mbao. Mjomba akapiga kofi moja kubwa la paja. "Kakanyaga! Amekanyaga huyo!"

Tukaingia tena chumbani. Safari hii alama zake zilishuka, akawa wa tatu, na aliandika kwamba hajali, kwamba alizima mwanga wa chumba chake ili asisome sana. Manila wakauliza kama upo mwingine. Nikamtafsiria Mjomba.

"Waambie upo," akasema, akijinyanyua mkekani kutafuta kandambili. "Ila huo una ngoma nne. Kesho nenda kamwite yule wa Kaole."