Grisi ya Babu

Mwaka 1985 Babu alisusa chakula siku mbili mpaka mama akakubali arudi kwao Kirando. Alikuwa ameishi nasi miaka sita, tangu Bibi alipofariki, kwenye kota za reli pale Kigoma ambako baba alikuwa karani wa mizigo. Baba hakuwa na likizo, mama alikuwa mjamzito, kaka alikuwa anangoja mtihani. Nikabaki mimi, mwenye miaka kumi na miwili. "Nitaenda na mke wangu," Babu akasema akinishika bega, na mjadala ukaishia hapo.

Tulisafiri kwa pasi ya reli, kwa sababu Liemba ilikuwa meli ya reli. Watoto wangu nikiwaambia hivyo wanashangaa, reli na maji wapi na wapi. Lakini ndivyo nchi zetu zilivyopangwa. Kisumu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, meli zililetwa vipande vipande zikaungwa palepale, na reli ikawa na manahodha wake kama ilivyokuwa na madereva wa treni. Ng'ambo yetu ya Ziwa Tanganyika, Kalemie huko Kongo, kampuni ya Kibelgiji iliyokuwa na treni ndiyo iliyokuwa na meli. Kwetu treni ilitoka Dar es Salaam, ikala zaidi ya kilomita 1,200, ikasimama mita chache kutoka majini. "Reli haikuishia Kigoma," Babu alikuwa akisema. "Ilivua viatu tu, ikaingia ziwani." Nyumbani alikuwa na kijiko cha chai chenye herufi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukitumia.

Babu aliingia kazini mwaka 1938, akawa mtia mafuta katika chumba cha mashine hadi alipostaafu. Kwa hiyo historia ya Liemba sikuisoma shuleni, niliisikia jikoni. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa tena kipande kimoja kimoja na kupakiwa katika masanduku 5,000. Wakati ule iliitwa Graf von Götzen. Ikavuka bahari, ikapanda treni, ikaungwa upya Kigoma kwa ribiti, zile pini za chuma za kugongwa, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini. Vita vilikuwa vimeshaanza. Julai 1916 Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliamua kuizamisha wenyewe. Hapo Babu alikuwa akishusha sauti. Mafundi waliokuja nayo kutoka Ujerumani hawakutaka ife. Kabla ya kuifungulia maji waliipaka mashine grisi nzito kila mahali. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na walipofungua mashine wakakuta chuma bado ni kizima. Mwaka 1927 ikarudi kazini, imepewa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa hili kwa watu wa kusini. Babu, mtu wa kusini, aliona jina hilo ni haki yake binafsi.

"Miaka minane chini ya maji," alikuwa akisema, kisha anainua kidole. "Grisi."

Kila kitu chake kilikuwa na grisi. Bawaba za sanduku lake, kufuli, hata panga. Mama alichoka kufua mashati yale.

Tuliondoka jioni ya Jumatano. Sitaha ya chini ilijaa magunia, mananasi, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, na watu wamelala katikati. Babu hakukaa. Kabla taa za Kigoma hazijapotea alinishika mkono tukashuka ngazi ya chuma, yeye mbele, kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona nyumbani. Chini joto lilitupiga usoni. Fundi kijana, kitambaa kimening'inia mfukoni, alitaka kutuzuia, kisha akamtazama vizuri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuiona."

Lakini mashine yake haikuwapo tena. Miaka ya 1970 ile ya mvuke ilitolewa, zikawekwa za dizeli. Babu alilijua hilo, hakuna asiyelijua kwenye kota. Kulijua ni kitu kimoja. Nilimwona amesimama kama mtu aliyeingia nyumba aliyozaliwa akakuta wapangaji. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba ilibidi aniinamie sikioni: "Hii inapiga kelele. Ile ilikuwa inapumua."

Kisha akanionyesha kazi yake. Alinyoosha mkono wa kulia mahali pasipo na kitu, akaupeleka mbele, akaurudisha, mbele, nyuma, taratibu, akihesabu kwa midomo. Pale, alisema, mikono ya chuma ilikuwa inapanda na kushuka, na mtia mafuta alipaswa kupitisha kiganja kwenye beringi kila inapomkaribia, aiguse nusu sekunde, ajue kama inachemka. Ukiwahi, unakosa. Ukichelewa, mkono huna. Hakuna geji iliyomshinda kiganja. Yule fundi kijana aliacha alichokuwa anafanya akatazama mkono wa Babu ukienda na kurudi hewani, na hakucheka hata kidogo. Ningependa kujua yuko wapi leo, nimshukuru.

Tulipogeuka kuondoka Babu alisimama ubavuni mwa meli, akapapasa vichwa vya ribiti vilivyojipanga chini ya rangi kama vifungo vya shati. "Hizi ni zilezile," akasema.

Usiku ule hakulala. Kesho yake tulipita Kalya, Ikola, Karema. Kila kituo ilikuwa honi, nanga, na mitumbwi inayokuja mbio kutoka pwani, maana gati hazikuwapo. Kirando tulifika Alhamisi usiku sana. Mitumbwi ilikuja na karabai, ikagongana chini ya mlango wa ubavuni, watu wakishushiana watoto na magunia ya unga kwa kelele. Mabaharia wawili walitaka kumbeba Babu. Akakataa. Alikaa ukingoni miguu ikining'inia, akatazama mtumbwi ukipanda na kushuka na wimbi, mara tatu, mara nne. Mimi nilikuwa nalia. Kisha akajiachia, akatua katikati ya ubao kama aliyeteremka kitandani.

Asubuhi, kabla ya chai, alimwambia mjomba avute kitanda. Chini yake kulikuwa na mzigo umeviringishwa kwa turubai na kufungwa kamba ya meli. Mjomba alikuwa akidhani ni nyavu kuukuu. Ilikuwa cherehani ya Bibi. Babu aliifunga mwenyewe mwaka 1979, wiki aliyomzika. Grisi ilikuwa imekauka, imekuwa nyeusi na ngumu kama sabuni, na wadudu wamenasia humo. Tulikaa kibarazani na kopo la mafuta ya taa na matambara, tukaisugua mpaka jua likawa utosini. Mkanda wa ngozi ulikuwa umeoza, ulikatika nilipougusa, nikaogopa nimeharibu. Gurudumu liligoma mara ya kwanza. Babu akalidondoshea mafuta, akangoja, akanisogezea.

"Zungusha wewe, mke wangu. Polepole."

Nikazungusha. Sindano ikashuka, ikapanda, ikashuka tena. Babu akaweka kiganja ubavuni mwa cherehani, akafumba macho.